Karanga Hazikumchefua Mama Yako

Njoro, Jumamosi alasiri

Prisca mwanangu,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Najua mimi na wewe ni watu wa simu, tena simu zangu ni fupi, umekula, umelala, haya ngoja nimpe mama yako. Lakini hili haliingii kwenye simu, na kulisema usoni kwako nimelishindwa mara nyingi kuliko unavyofikiri. Kwa hiyo nimekaa huku nyuma ya nyumba, kwenye benchi la karibu na tangi la maji, na daftari langu la vipimo vya kazi, na kalamu yako nyekundu uliyoisahau mezani. Mama yako ameenda Rau kwa dada yake. Wewe uko Mkuu kwa bibi, unaaga. Nyumba nimebaki nayo mimi na kuku.

Mambo ya safari sitayaandika. Mama yako ameshakwambia habari za koti, za dawa ya malaria, za kutolala basini ukiwa umeweka mkoba miguuni. Kasulu ni mbali lakini si mwisho wa dunia, na kazi ya ualimu uliisomea mwenyewe, mimi nitakufundisha nini. Nina jambo moja tu, na ni kosa langu.

Juzi Alhamisi mama yako alikuwa amemaliza kutwanga karanga. Siku mbili nzima alikaanga, akapepeta, akatwanga, akachanganya na unga wa ulezi, akajaza kopo la maziwa ya unga mpaka juu, akalivalisha mfuko wa nailoni lisije likamwagika njiani. Akakuletea chumbani ulipokuwa unapanga begi. Mimi nilikuwa mlangoni nakaza bawaba. Ukalitazama lile kopo, ukamwambia, "Mama, hizi karanga ulizikataa wakati mimi nazihitaji. Sasa za nini?"

Hukupaza sauti. Ulisema taratibu, kama unamrudishia mwanafunzi daftari lake. Mama yako akacheka kidogo, kile kicheko chake cha kufuta mambo, akasema basi atawapa majirani, akatoka na kopo lake. Nami nikaendelea kukaza bawaba ambayo ilikuwa imeshakaza. Mtu mzima, miaka hamsini na mbili, nimeshika bisibisi nimenyamaza.

Prisca, mama yako hakuzikataa zile karanga. Hajawahi kuzikataa hata siku moja. Aliyesema amezikataa ni mimi, na nilisema uongo.

Sasa ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia katikati nitajipendelea.

Unajua mama yako amekulia kwenye kambi za mashamba ya miwa huko chini, baba yake alitoka Kongwa kuja kukata miwa akabaki. Kwao karanga ni kama migomba kwetu. Amezimenya tangu hajang'oka jino la kwanza. Nilipompeleka Mkuu kumtambulisha, bibi yako alimpokea vizuri, akamkaribisha kiti, akamlisha, kisha jioni akaniita pembeni ya zizi akaniuliza kama wasichana wa mlimani wamekwisha. Alimwita chasaka, lile neno letu la kumwita mtu asiye Mchagga. Hakulisema kwa ubaya sana. Lakini alilisema, na mama yako alilisikia, na mimi nikajifanya sikusikia. Unaona nilivyoanza mapema.

Ulipozaliwa, bibi yako alishuka. Kwetu mzazi analelewa miezi mitatu, na anayemlea ni mama wa mume. Hilo halina mjadala wa ukabila. Ukishazaa wa ukoo wetu, wewe ni mzazi wetu. Alikuja na ndizi, na samli, na kuku wawili wamefungwa miguu, akaingia kwenye vile vyumba vyetu viwili vya kupanga hapa hapa Njoro, akatangaza kwamba mwanamke huyu hatagusa hata ufagio mpaka miezi mitatu iishe. Akatimiza. Asubuhi mtori wa ndizi, mchana supu, na saa nne, katikati ya hapo, uji.

Huo uji ndio habari yenyewe. Mama wa mama yako hakuweza kuja kulea, maana zamu haikuwa yake, ila alituma gunia la karanga kutoka kwa ndugu zake Kongwa. Bibi yako alilipokea kwa mdomo wa pembeni. Halafu akazionja. Aisee, kuanzia siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kugusa lile gunia. Alizikaanga kwa moto wa makaa mawili matatu tu, hageuzi uso, mkono unazunguka. Akizitoa anazisugua zikiwa bado moto, anapepeta yale maganda mekundu kwenye ungo mpaka uani kunakuwa kama kumenyonyolewa kuku. Anatwanga mpaka zinaanza kutoa mafuta zenyewe. Uji wa ulezi unaiva kwanza, peke yake, na maziwa. Karanga zinaingia mwishoni kabisa, moto ukiwa umepunguzwa, maana ukiziwahisha zinashika chini na uji wote unanuka moshi. Sukari kidogo, chumvi ya ncha ya kidole. Najua yote haya kwa sababu nilikuwa nakaa pale nikiangalia kama paka.

Miezi ile sikuwa na kazi ya maana. Nyumba tuliyokuwa tunajenga ilisimama, tajiri alienda kutafuta saruji. Kwa hiyo nilikuwa nyumbani, na magoti ya bibi yako yalikuwa yameanza kumsumbua, na jiko lilikuwa nje, na chumba cha mzazi hakiingiwi na kila mtu. Nani apeleke chupa ya uji ndani? Mimi. Nilikabidhiwa chupa ya chai, ile ya maua mekundu, na kikombe cha bati, kila siku saa nne.

Siku ya kwanza mama yako alinipa mwenyewe. Alimimina, akanywa, akasema, "Onja, Baba Prisca, mama yako anajua kupika." Nikaonja.

Sikuwa na njaa. Nataka ulijue hilo, kwa sababu ningeweza kukuandikia kwamba nilikuwa na njaa na wewe ungenihurumia. Nilikuwa nakula makande yangu nashiba. Ila mimi ni mtoto wa sita wa bibi yako. Nimekua nikimwona akiwapikia wazazi, wake za kaka zangu, dada zangu, mmoja baada ya mwingine, vyakula ambavyo sisi watoto tuliishia kukomba sufuria. Hakuwahi kunipikia mimi kitu kwa mkono ule. Nikaja kuwa na nyumba yangu, na mke wangu, na mtoto wangu, bado bibi yako anapita na sahani juu ya kichwa changu kumpelekea mtu mwingine. Niliona wivu, Prisca. Nilimwonea wivu mwanamke aliyeshonwa nyuzi na mtoto wa wiki mbili. Ni aibu kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Basi nikawa nasimama kwenye kikorido, kati ya mlango wa uani na mlango wa chumbani, nafungua chupa, nakunywa. Kwanza funda moja. Halafu kikombe. Halafu nikaona chupa imekuwa nyepesi, bibi yako akiishika ataijua, nikaanza kuongezea maji ya moto kutoka kwenye birika. Mama yako akaniambia siku moja uji wa leo mwepesi. Nikamwambia karanga zinaelekea kuisha. Gunia lilikuwa halijafika hata nusu.

Hii haikuwa siku moja wala mbili. Ilikuwa karibu kila siku kwa wiki tano. Alikunyonyesha wewe kwa maji yenye rangi ya karanga, na mimi nikanenepa. Watu wa jumuiya walikuja kumwona mtoto wakanitania kwamba mzazi hapa ni nani.

Siku iliyoharibika, bibi yako alimaliza kufua nepi mapema akanikuta nikitoka chumbani. Akachukua chupa mkononi mwangu. Kulikuwa kumebaki kidogo chini. Akajimiminia kiganjani, akaonja, akanitazama. Akauliza nani ametia maji kwenye uji wake.

Mlango ulikuwa wazi. Mama yako alikuwa amekaa kitandani, wewe umelala kifuani kwake. Alikuwa ananiona na mimi namwona.

Nikasema, "Ni yeye. Anasema karanga zinamchefua, ananiomba nizimue."

Bibi yako akasukuma mlango. Akamuuliza mama yako kama ni kweli. Nilikuwa nyuma ya bibi, nimeshika kikombe kitupu, na nilimwangalia mama yako kwa macho ya kuomba. Sijui nilikuwa naomba nini. Nadhani nilikuwa naomba aniokoe. Akavuta khanga akakufunika, akasema, "Ni kweli mama. Zinanichefua. Nisamehe."

Wewe unamjua bibi yako. Hakugomba. Alisema tu, karanga za kwenu mwenyewe zinakuchefua, akarudi jikoni. Kuanzia hapo uji haukupikwa tena. Siku mbili alikaa kimya, ya tatu akafunga mzigo wake akapanda Mkuu, miezi mitatu haijaisha. Wewe umekulia kule, unajua mama mkwe akiondoka kabla ya siku wanawake wanasema nini. Hawamsemi mama mkwe. Siku ya kumtoa mzazi nje, ambayo wanawake wa ukoo humvalisha khanga mpya wakampeleka kanisani, hakuja mtu. Mama yako alijifunga khanga yake ya zamani akaenda misa ya kwanza peke yake na wewe mgongoni. Mimi nilisema nina mafua.

Alianza kutokula. Si kwa maringo, ni kwamba chakula kilikuwa hakipiti. Alikuwa anapika, ananipa, anakaa na wewe mapajani anaangalia ukuta. Maziwa yakapungua. Ulipofika mwezi wa nne, kliniki wakasema uzito umeshuka, nesi akamgombeza mbele ya wanawake wenzake kwamba anamwonea mtoto. Habari zikapanda mlimani haraka kuliko mtu. Bibi yako akashuka na kikapu, akasema mjukuu wake hafi kwa sababu ya mwanamke anayechagua chakula, akakuchukua ukanyweshwe maziwa ya ng'ombe wake. Mama yako alimfuata mpaka barabarani. Nilimshika mkono nikamwambia amwache mama, ana uzoefu.

Mimi nilisema hivyo. Kwa mdomo huu huu niliokuwa nanywea uji wake.

Miaka iliyofuata nilimuuliza nesi mmoja, kwa kuzunguka zunguka, kama ni habari ya rafiki yangu. Akaniambia maziwa ya mama hayakauki kwa sababu ya kukosa uji tu, mambo ni mengi. Hilo neno nililishika kwa mikono miwili. Nilitembea nalo muda mrefu sana. Huenda ni kweli, huenda yangepungua hata hivyo. Lakini hakuna nesi aliyesema kwamba ilikuwa lazima mama yako asingiziwe, na kwamba ilikuwa lazima wewe ukae miaka saba Mkuu ukifundishwa kwamba mama yako alikunyima maziwa kwa maringo.

Uliporudi kwetu kuanza darasa la kwanza, ulimwita Mama Prisca. Unakumbuka? Labda hukumbuki. Bibi yako alikuwa anamwita hivyo na wewe ukafuata, ukamwita mama yako mzazi kwa jina la mtoto wake, ambaye ni wewe. Majirani walicheka. Mama yako naye akacheka, akaitika. Ilikuchukua mwaka kuacha. Na ulipoacha, ukawa unamsalimia vizuri, unamsaidia kazi, shikamoo yako haikosi, lakini ukianguka ukaumia goti ulikuwa unakuja kwangu. Kila ulipokuja kwangu nilikupokea. Niliipenda ile hali. Na hilo nalo nalikiri.

Kuhusu uji wa Jumapili. Tangu bibi alipoanza kushuka tena kututembelea, mama yako amekuwa akipika uji wa karanga kila Jumapili baada ya misa. Wewe umeukuta ukaona ni kawaida ya nyumba. Anamimina wa bibi kama yupo, wa wageni, wa kwako, wa kwangu. Yeye anachukua chai ya rangi. Wote mnajua Mama Prisca hali karanga. Hata kwenye harusi mtu akimpelekea sahani yenye karanga, wewe mwenyewe nimekusikia ukisema, usimpe mama, zinamchefua.

Mwaka ule ulipokuwa kidato cha pili, nilirudi kazini mapema kwa sababu ya mvua. Nikapita uani, mlango wa jiko ulikuwa umeegeshwa. Mama yako alikuwa peke yake, amemaliza kupika, ameshika mwiko anaulamba. Alikuwa amefumba macho. Aliulamba mpaka kwenye mpini, pole pole, halafu akapitisha kidole kwenye ukingo wa sufuria. Nikakanyaga kopo. Aligeuka akaniona, akautumbukiza mwiko kwenye maji ya kuoshea vyombo, akaniuliza kama nimelowana.

Nilikuwa na miaka kumi na tano ya kosa langu siku hiyo, na nilikuwa na nafasi nzuri kuliko zote, sisi wawili tu, mvua inanyesha, hakuna wa kusikia. Nikamjibu kwamba nimelowana kidogo.

Watu hudhani mtu anayenyamaza miaka ishirini na minne ana moyo wa jiwe. Mimi sina. Nilikuwa nakusudia kusema kila wakati. Nilisema nitasema akibatizwa Prisca, nitasema bibi akishuka Krismasi, nitasema Prisca akimaliza shule. Katika kazi yangu, kozi ya kwanza ya tofali ikienda upande, unaibomoa siku ile ile, saruji ikiwa bado mbichi, unapoteza nusu siku na unachekwa na vibarua. Ukisema utairekebisha kwenye lipu, ukuta unapanda, unawekewa paa, watu wanahamia, wanatundika picha. Sasa utabomoa nini, na watu wako ndani? Nimebomoa kuta za mafundi wengine kwa kosa hilo na kuwatukana. Nyumbani kwangu nilipaka lipu.

Huko Kasulu utakosea. Utamwonea mtoto darasani, utamsingizia mwenzako, itatokea, wewe ni mtu. Na kuna siku mtu mwenye moyo mzuri atakuchukulia lawama yako bila kuombwa, na wewe utaona raha, utasema Mungu ni mwema. Hiyo raha iogope. Mfuate siku hiyo hiyo, mbele ya waliosikia, useme ni wewe. Sikwambii kwa sababu naweza. Nakwambia kwa sababu sikuweza, na nimeona inavyokuwa.

Jana baada ya chakula cha mchana nilimfuata mama yako pale kwenye kamba anaanua nguo. Nikamwambia nataka kukwambia. Hakuniuliza kukwambia nini. Aliendelea kukunja shuka, akanipa ncha moja nishike. Nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza, kwa nini siku ile alikubali.

Akasema alikuwa mgeni kwenye ukoo, neno lake dhidi ya langu, nani angemwamini. Akasema pia nilivyokuwa nimeshika kile kikombe nilimtia huruma. Halafu akasema, "Na nilidhani utasema kesho yake."

Prisca, nimegombezwa na wenye nyumba, nimegombezwa na padri, bibi yako amenichapa mpaka nikiwa na ndevu. Hakuna kitu kilichonipiga kama hicho. Alisema bila hasira. Alikuwa anapanga soksi zako.

Nikamuuliza basi nikwambie au nisikwambie. Akasema, "Mwambie kama unataka ajue. Kama unataka wewe upate usingizi, mwache mtoto asafiri kwa amani."

Nimekaa na maneno hayo usiku na mchana. Nimejichunguza. Ukweli ni kwamba nataka vyote viwili, nataka ujue na nataka usingizi, siwezi kuvitenganisha. Lakini nikiacha usafiri hivi, utaenda kuishi huko, utaolewa, utazaa, na siku utakapokuwa mzazi hutataka mama yako aguse sufuria yako. Hilo ndilo lililonikalisha kwenye benchi hili. Amekosa kukulea mara moja kwa sababu yangu. Sitaki akose mara ya pili.

Leo asubuhi, ulipokuwa njiani kwenda Mkuu, nilimpigia bibi yako. Nilianza kwa shikamoo, nikamuuliza magoti, nikamuuliza ng'ombe, akaniambia niseme ninachotaka kusema, ana mboga jikoni. Nikasema. Nilisema yote, kikorido, birika, wivu, mlango. Nilipomaliza nilimsikia akiepua mboga yake.

Akasema, "Kwa hiyo nilimnyang'anya mtu mtoto wake."

Nikamwambia si wewe mama, ni mimi. Akasema, "Wewe ulisema uongo. Aliyebeba mtoto ni mimi. Na nikamsema hadi kwenye jumuiya." Kisha akakata simu.

Nusu saa baadaye akapiga yeye. Alisema hatakwambia chochote, ameniachia hiyo kazi, na nisipoifanya leo ataifanya yeye mbele ya watu wote stendi, na nisimjaribu. Akasema anashuka nawe leo jioni. Nikamwambia mama, magoti, barabara. Akaniambia, "Siji kumuaga Prisca. Prisca nitamuaga hapa hapa. Nakuja kwa Dorika." Miaka yote humwita mkeo, au Mama Prisca. Sijawahi kumsikia akimtaja mama yako kwa jina lake.

Kwa hiyo utakapokuwa unashangaa kwa nini bibi yako ameng'ang'ania kushuka na wewe, na fimbo yake, na kimya chake, ndiyo hiyo sababu. Mama yako hajui kama anakuja. Ukiwaona wamejifungia chumbani, usigonge. Hata mimi sitagonga.

Barua hii nitaiweka juu ya mto wako ili uisome kabla ya safari. Sikuombi unisamehe leo. Nikikuomba utanijibu vizuri kwa sababu una adabu, na mimi nitapokea kwa sababu nimezoea kupokea. Kasirika kwanza. Kasirika ukiwa Singida, ukiwa Tabora, mpaka ufike. Ukitaka kunipigia kunitukana, nitapokea simu. Na ukikaa mwezi mzima hupigi, nitajua unaniambia nini.

Ila nina ombi moja, na si kwa ajili yangu. Kesho alfajiri pale stendi, mama yako atasimama nyuma kama anavyosimama siku zote, ameshika mfuko wako wa chakula, anasubiri umalizane na mimi na bibi ndipo akupe mkono. Usimsubirishe. Anza na yeye. Chukua muda wote unaotaka, hata watu watazame, hata kondakta apige kelele. Mimi nitakuwa upande wa pili wa basi. Na likianza kuondoka kabla hujanifikia, wewe panda tu.

Baba yako